Usambaraveilchen: uchambuzi wa jina la ua lililotoka Tanga

Kwenye maduka ya maua ya Ujerumani kuna chungu kidogo kinachouzwa mwaka mzima: majani manene yenye manyoya yaliyojipanga duara, katikati maua ya rangi ya urujuani yenye vidoti viwili vya manjano. Lebo yake imeandikwa Usambaraveilchen. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kwa nusu ya kwanza ya neno hilo. Nusu ya pili, Veilchen, ni jina la ua dogo la porini la Ulaya, lile ambalo Kilatini hulitaja kama Viola.

Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni mafupi: ua linafanana na Veilchen, lilitoka milima ya Usambara, ofisa wa Kijerumani alilivumbua mwaka 1892. Kila kipande cha maelezo hayo kina ukweli, na kila kimoja kina kasoro. Hapa jina linafumuliwa kipande kwa kipande, kwa utaratibu unaofaa kwa jina lolote la mmea: kwanza kutenganisha neno, kisha kuuliza sampuli ya kwanza iliokotwa wapi hasa, kisha kufuata njia ya mbegu, na mwisho kulinganisha majina ya lugha jirani ili kuona nani alimwambukiza nani.

Veilchen ambalo si Veilchen

Neno Veilchen lina mzizi wa Kilatini, viola. Kijerumani cha zama za kati kilikuwa na umbo viol au viel, baadaye Veil na Veiel, kisha likaongezwa -chen, kiambishi tamati cha udogo kinachofanya kazi kama ki- ya kitoto au kijiti. Kiambishi hicho kina tabia moja isiyobadilika: kila nomino inayoishia nacho inaingia jinsi ya kati. Ndiyo maana husemwa das Usambaraveilchen, na wingi wake hauna umbo jipya, ni die Usambaraveilchen. Herufi v hapo hutamkwa f.

Kimmea, ufanano unaishia kwenye rangi na umbo la jumla. Viola ina petali tano zilizoachana, ya chini ikiwa na kijipembe kwa nyuma kinachohifadhi nekta, na stameni (viungo vya kiume vya ua) tano. Ua la Tanga lina petali zilizoungana chini kuwa mrija mfupi, likapasuka kuwa ndewe tano, mbili za juu ndogo na tatu za chini kubwa. Stameni zenye chavua ni mbili tu, na ndizo vile vidoti vya manjano. Harufu halina, ilhali Veilchen linalopendwa zaidi Ujerumani, Duftveilchen, limepewa jina kwa sababu ya harufu yake. Familia zenyewe ni mbalimbali: moja ni Violaceae, nyingine Gesneriaceae.

Kosa hilo halikuwa la ujinga. Kijerumani kilikuwa tayari na mfano wa kufuata, Alpenveilchen, yaani Veilchen la milima ya Alpi. Nalo si Viola, ni saiklameni, jamaa wa primula. Kanuni iliyokuwa inatumika bustanini ni nyepesi: chukua jina la mahali, ongeza Veilchen, na mteja ataelewa kwamba ni mmea mfupi wa maua ya kupendeza, wa kuwekwa karibu na macho. Usambaraveilchen limejengwa kwa kalibu hiyohiyo. Anayelisahihisha kwa hoja za botania anakosoa kitu ambacho jina halikudai.

Jina la kisayansi nalo lilipita njia hiyo. Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen huko Hannover, aliuita mmea huo Saintpaulia ionantha alipouchapisha katika jarida la Gartenflora mwaka 1893, juzuu la 42, ukurasa wa 321. Ionantha ni Kigiriki: ion ni Veilchen, anthos ni ua. Mwanabotania aliyejua fika kwamba ana jenasi mpya (kundi la spishi za karibu) mkononi, na kwamba haihusiani na Viola, bado aliandika ufanano huo ndani ya jina la Kilatini. Wanaisimu huona kwamba ion ya Kigiriki na viola ya Kilatini zilichotwa kwenye chanzo kimoja cha kale cha eneo la Mediterania. Kwa hiyo jina la sokoni na jina la maabara yanabeba neno lilelile, moja kwa njia ya Roma, jingine kwa njia ya Athens.

Usambara ipi?

Hapa ndipo penye uzito wa kisa. Tuanze na umbo. Wasambaa wenyewe huita nchi yao Shambaai, na lugha yao hujulikana kama Kishambaa au Kishambala. Umbo lenye u- mwanzoni na r mwishoni ni la Kiswahili: u- ya nchi, ileile ya Uzaramo, Ugogo, Unyamwezi na Uhehe. Wageni wa Kizungu walilipokea neno kutoka pwani, kwa sababu safari zao zilianzia pwani na wakalimani wao walikuwa watu wa pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848 na tena 1852, na katika maandishi yake nchi hiyo ni Usambara. Ramani za Kijerumani zilizofuata ziliendelea hivyohivyo. Matokeo yake ni kwamba jina la mmea wa dirishani huko Ujerumani limebeba kiambishi cha ngeli cha Kiswahili, kikiwa kizima, bila wanaolitamka kujua kwamba kina kazi.

Aliyeokota mmea alikijua vizuri kiambishi hicho. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, cheo kilichoitwa Bezirksamtmann, na mwaka 1890 alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia Wajerumani Kiswahili. Si mtu wa kuchanganya Usambara na Msambaa.

Basi aliuokota wapi? Maelezo yake, yaliyonukuliwa baadaye katika jarida la Kiingereza la botania, yanataja sehemu mbili. Ya kwanza iko mwendo wa takriban saa moja kutoka mjini Tanga, penye msitu, mmea ukiota kwenye nyufa za miamba ya chokaa na kwenye udongo wenye mboji nyingi, urefu wa futi 50 hadi 150 juu ya bahari, yaani mita 15 hadi 45. Ya pili iko kwenye msitu mnene wa Usambara, kivulini vilevile, lakini juu ya miamba ya matale (graniti), futi 2,500, karibu mita 760.

Anayeijua Tanga ataona tatizo papo hapo. Mawe ya chokaa yaliyo karibu na mji ni yale ya ukanda wa Amboni, penye mapango, kando ya mito Mkulumuzi na Sigi. Hiyo ni Mrima. Wenyeji wake ni Wadigo na Wasegeju, na ukipanda kidogo kuelekea Muheza unaingia kwa Wabondei. Mita 40 juu ya bahari si Usambara kwa hesabu ya mtu yeyote wa huko. Wasambaa hutenganisha kabisa shambaai, yaani juu kwenye baridi na migomba, na nyika, yaani tambarare ya joto. Miamba ya chokaa ya Tanga ingeangukia upande wa nyika.

Kuna utetezi wa kihistoria: himaya ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara kutoka Vuga, enzi za Kimweri aliyefariki 1862, ilifika hadi pwani, na wakubwa wa miji ya pwani walimtambua. Utetezi huo una ukweli, lakini kufikia 1892 himaya ilikuwa imeshasambaratika kwa vita vya urithi, na mji wa Tanga ulikuwa kituo cha serikali ya Kijerumani. Maelezo yenye nguvu zaidi yako Berlin, si Vuga.

Miaka ileile jina Usambara lilikuwa linatajwa sana Ujerumani kwa mambo ya fedha. Kampuni ya reli ya Tanga iliundwa 1891, na katika jina lake rasmi njia hiyo iliitwa ya Usambara. Ujenzi ulianza 1893, mwaka uleule ambao Wendland alichapisha jina lake. Reli ikafika Muheza 1896 na Mombo 1905. Mashamba ya kahawa yalikuwa yameanza kufunguliwa Usambara ya Mashariki, Derema likiwa miongoni mwa ya kwanza. Wenye hisa, wauza kahawa na wasomaji wa magazeti walikuwa wanakutana na neno Usambara mara kwa mara, nalo liliwaambia milima, hewa safi, mashamba na mustakabali wa koloni. Tanga lilikuwa jina la bandari yenye joto na homa. Kwa muuza maua, chaguo lilikuwa jepesi. Neno Usambara katika jina hili tunalisoma kama jina la kanda kibiashara, kwa namna ileile ambayo reli iliyoanzia gatini Tanga iliitwa reli ya Usambara.

Sehemu ya pili ya kuokotwa, ile ya mita 760, inaliokoa jina lisiwe uongo. Lakini ikumbukwe kwamba jamii ya mmea huu haiishii Usambara: iko pia Uluguru, Nguru na Udzungwa, na ng'ambo ya mpaka, kwenye miamba ya pwani ya Kenya.

Waliotangulia

Tukiwa Kenya, neno "kuvumbua" linahitaji kutazamwa. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli katika bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1884. Mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor alipeleka nyingine, kutoka upande wa Giriama na Shimba. Huyu ni Taylor yuleyule aliyehangaikia methali za Waswahili na mashairi ya Muyaka. Sampuli hizo zilikuwa hafifu, hazikutosha kutolea maelezo ya jenasi mpya, zikakaa. Kanuni ya botania ni kwamba jina huanza pale maelezo yanapochapishwa; kuokota peke yake hakuhesabiki. Kirk na Taylor walikuwa na mmea, Wendland akawa na chapisho.

Kirk anafaa kutajwa kwa sababu nyingine. Alipeleka Kew kutoka Zanzibar mmea mwingine wa vyungu, ambao mwaka 1882 Joseph Hooker aliuita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Siku hizi unahesabiwa ndani ya Impatiens walleriana. Wajerumani waliupenda sana, wakauita Fleißiges Lieschen, yaani Lieschen mchapakazi, kwa kuwa hauchoki kutoa maua. Sultani akapotea, Zanzibar ikapotea, akabaki msichana wa Kijerumani asiyepumzika. Ukilinganisha majina hayo mawili, ya mimea iliyotoka pwani moja kwa kuachana miaka kumi hivi, unaona kwamba kubaki kwa neno Usambara hakukuwa jambo la lazima. Mmea mmoja ulifika kupitia Uingereza bila mradi wa Kijerumani nyuma yake, mwingine ulitoka koloni lililokuwa linatafutiwa wateja.

Njia ya mbegu

Walter alipeleka mmea kwa baba yake, Ulrich von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa na bustani na nyumba za vioo Fischbach, Silesia. Mahali hapo leo ni Karpniki, Poland. Ulrich hakuwa mlimaji wa kujifurahisha tu, alikuwa rais wa chama cha Wajerumani cha wataalamu wa miti kilichoanzishwa 1892. Yeye ndiye aliyeufikisha kwa Wendland. Jina Saintpaulia, kwa hiyo, linawaheshimu wawili, baba na mwana. Makala nyingi humtaja mmoja tu.

Mwaka 1893 mmea ulioneshwa kwenye maonesho ya kimataifa ya bustani huko Ghent, Ubelgiji, ukasifiwa. Haki ya kuuza mbegu ilichukuliwa na kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt, na kutoka hapo ukasambaa. Mbegu zenyewe hazikuwa safi: zilichanganya aina mbili zenye matunda ya maumbo tofauti, jambo ambalo halishangazi ukikumbuka kwamba ziliokotwa sehemu mbili zenye miamba na mwinuko tofauti. Miongo mingi baadaye B. L. Burtt wa Edinburgh alizitenganisha, na mojawapo akaiita Saintpaulia confusa. Kilatini hicho maana yake ni "iliyochanganywa".

Mchanganyiko huo ulikuwa na faida. Wazalishaji walikuwa na damu mbili za kuchanganya tangu mwanzo. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche mingi, ikabakiza kumi. Mojawapo, Blue Boy, imekuwa mzazi wa sehemu kubwa ya aina zilizofuata.

Kipimo cha lugha jirani

Kama jina lilisafiri na mbegu, alama zake zionekane kwenye lugha za walionunua. Zinaonekana, na zinagawanyika vizuri.

Warusi husema uzambarskaya fialka. Fialka ni Veilchen, na uzambarskaya ni ya Usambara. Angalia z. Katika Kiswahili s ya Usambara ni s. Katika Kijerumani s iliyo kati ya irabu hutamkwa z, kwa hiyo Mjerumani husema "Uzambara". Mrusi aliandika alichosikia, na alichosikia kilitoka kinywani mwa Mjerumani. Herufi moja inatosha kuonesha kwamba jina la Kirusi halikutoka Afrika wala kwenye ramani ya Kiingereza.

Waholanzi walikwenda njia nyingine: Kaaps viooltje, yaani Veilchen dogo la Rasi, maana yake Rasi ya Tumaini Jema. Wahungaria wana fokföldi ibolya, maana ileile, na Wafaransa hutumia violette du Cap kando ya violette d'Usambara. Hakuna mmea wa jamii hii unaoota Rasi. Ila maua mengi ya vyungu yaliyozoeleka Ulaya yalikuwa yametoka Rasi kweli, na muuzaji aliyesikia "Afrika" alijaza nafasi kwa Afrika aliyoijua. Waingereza walipanua hadi bara zima, African violet. Jina hilo ni sahihi, ila halisaidii kumtafuta mmea.

Kundi la tatu lilishika jina la Kilatini. Wapolandi walilibana likawa sępolia. Wafini walilitafsiri paavalinkukka, ua la Paavali, na hapo ukoo wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, umegeuka kuwa kama mtume. Kosa hilo huonekana hata kwa Kiswahili, mtu akidhani ua limepewa jina la Mtakatifu Paulo. Saint Paul hapa ni jina la ukoo tu.

Kilichotokea kwa Kilatini

Kwa kawaida tunaambiwa jina la kienyeji halitegemeki na Kilatini ndicho cha kudumu. Katika kisa hiki imekuwa kinyume. Burtt alifikisha Saintpaulia karibu spishi ishirini. Mwaka 2006, katika kazi ya mimea ya Afrika Mashariki, Iain Darbyshire alizipunguza hadi sita, nyingi zikawa nususpishi za ionantha. Kisha vipimo vya DNA vikaonesha kwamba Saintpaulia yote imeota ndani ya tawi la jenasi nyingine, Streptocarpus. Kanuni haina huruma: jina la zamani hushinda, na Streptocarpus lilichapishwa 1828, miaka 65 kabla ya Wendland. Mwaka 2012 Maarten Christenhusz alihamishia humo spishi za Saintpaulia, na 2015 kundi lote likapangwa upya kuwa seksheni ndani ya Streptocarpus. Saintpaulia imeshuka kutoka jenasi hadi seksheni.

Streptocarpus maana yake tunda lililosokotwa, na Wajerumani huliita Drehfrucht kwa maana hiyo. Tunda la ua la Tanga halijasokotwa. Ni kapsuli iliyonyooka. Jina jipya ni sahihi kwa ukoo na si sahihi kwa umbo, hivyo mwenye kulilaumu Veilchen kwa kutoeleza mmea ulivyo ana jingine la kulaumu.

Kwa anayeandika lebo au makala, haya ndiyo ya kushika. Jina kamili la spishi ni Streptocarpus ionanthus (H.Wendl.) Christenh. Mwisho wa neno umebadilika kuwa -us kwa sababu Streptocarpus ni la jinsi ya kiume, na mabano yanahifadhi haki ya Wendland, usiyaache. Saintpaulia bado hutumika madukani na kwa aina za kuzalishwa, na si kosa ukilitaja kama jina la zamani. Jina la Kijerumani liandikwe neno moja, Usambaraveilchen; kistari, Usambara-Veilchen, si kosa, ila kuacha nafasi katikati ni kosa. Kwa mmea wa porini, usitosheke na neno Usambara. Andika mwinuko, aina ya mwamba na bonde la mto, maana mmea wa chokaa wa Amboni na ule wa matale wa huko juu waliwahi kuingia mfuko mmoja wa mbegu, na ilichukua zaidi ya nusu karne kuwatenganisha.